Shajara ya mradi: Ngome ya Fleckenstein mezani, kwa kipimo cha 1 kwa 150

8 Machi 2025. Kwa nini hii, na kwa ukubwa gani

Nilianza kwa ubishi na binti yangu. Alisema ngome zote za Ulaya ni sawa: kuta nne, minara minne, bendera juu. Nikamwambia nitamjengea moja isiyo na hata pembe nne. Naandika hatua kwa hatua ili anayetaka kujenga ya kwake asilipie makosa ambayo nimeshayalipia mimi.

Ninaishi Karlsruhe, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Fleckenstein iko ng'ambo ya mpaka, Lembach, katika eneo la Alsace, Ufaransa, mwendo wa saa moja na ushee kwa gari. Juu ya kilima chenye msitu, zaidi ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, kumetokeza mwamba mrefu wa jiwe la mchanga lenye wekundu, mwembamba kama jahazi lililopwelewa. Urefu wake ni kama mita 90. Katika karne ya 12 ukoo wa Fleckenstein, watumishi wa wafalme wa nyumba ya Hohenstaufen, walipanda juu ya jahazi hilo wakakaa. Ukoo uliishikilia ngome hadi 1720, ulipokosa mrithi. Kufikia hapo ilikuwa gofu kwa miaka 40.

Kipimo nilichochagua ni 1 kwa 150. Mita 90 zinakuwa sentimita 60, zinakaa juu ya meza ya chakula na mke wangu hagombi sana. Mtu mzima anakuwa na kimo cha milimita 11, kama punje ndefu ya mchele. Ubao wa chini ni plaiwudi, euro 12.

22 Machi. Mwamba wa kwanza, ambao sasa uko kwenye pipa

Kosa la kwanza ni kubwa, na lina historia.

Sikutaka kusubiri hadi niende mwenyewe. Nikatafuta picha za zamani, nikapata ile maarufu kuliko zote: mchoro wa Daniel Specklin, msanifu wa maboma wa Strasbourg, uliomo katika kitabu chake cha 1589. Mchoro safi, kila dirisha linahesabika. Nikasema huyu alikuwa mtaalamu wa ngome, aliishi karibu nayo, tena aliiona ikiwa nzima. Nani atamshinda? Nikapima uwiano wa mwamba moja kwa moja kwenye karatasi yake.

Nilinunua mabamba ya foamu ngumu, ile ya kuhami joto kwenye kuta, yenye unene wa sentimita 4. Tabaka 14 zilipopandana nikapata kitu chenye kimo cha sentimita 56, urefu wa 60 na upana wa 7. Ukikohoa kinayumba. Binti yangu akauliza kama hao watu walikuwa wanaishi juu ya kabati.

Kesho yake tukaenda Lembach. Nilisimama uani chini ya mwamba, nikatazama juu, nikatazama simu yangu, nikatazama juu tena. Mwamba halisi una mita 30 hivi. Kwa kipimo changu ni sentimita 20, siyo 56. Specklin aliinua jiwe kwa makusudi. Alitaka kuonyesha ngome isiyoshindika inavyopaswa kuwa, na Fleckenstein ikawa mfano wake, akaivuta juu kama unga wa maandazi. Nimemkasirikia kwa siku mbili, kisha nikamsamehe. Matajiri wa zama zile hawakuhitaji ripoti ya mpimaji, walihitaji kuogopwa.

Hasara: foamu ya euro 34. Ukitumia mchoro wa zamani, usipime kimo ndani yake. Hesabu madirisha, angalia mpangilio wa minara, lakini kimo kipate kwenye jiwe lenyewe.

5 Aprili. Gundi iliyokula nyumba

Mabamba mapya, euro 27. Safari hii tabaka tano tu, na hapo nikapata zawadi sikuitarajia: jiwe la mchanga la milima hii limelala tabaka juu ya tabaka, na mistari ya maungio ya foamu inafuata mtindo uleule. Sikuziba maungio yote. Mengine nimeyaacha yaonekane.

Kosa: niliunganisha tabaka mbili za kwanza kwa gundi ya mpira, ile yenye harufu kali ambayo mafundi viatu hupaka wakasubiri ikauke kidogo. Baada ya dakika kumi nikasikia kama mafuta yanachemka polepole. Kilichomo ndani ya gundi hiyo kinayeyusha foamu. Katikati pakafunguka shimo la ukubwa wa ngumi. Gundi euro 6.50, imepotea.

Dawa yake ni gundi nyeupe ya mbao, euro 5.80, pamoja na vijiti vya mishikaki vilivyopigwa kama misumari, pakiti moja euro 1.20. Inachukua usiku kucha kukauka katikati, hivyo usiwe na haraka. Kuchonga umbo la nje kwa kisu na msasa (euro 7.40 pamoja na nyembe) ilikuwa kazi ya jioni tatu, sina la kueleza hapo zaidi ya kwamba uvae barakoa.

26 Aprili. Ngazi zilizo tumboni

Hapa ndipo niligundua kwamba nilikuwa naelewa ngome hii kinyume.

Nilizoea kufikiri kwamba jengo ni kitu unachoongeza: tofali, chokaa, tofali. Fleckenstein nusu yake ni kitu kilichotolewa. Walichonga ngazi ndani ya mwamba kwa urefu wake, wakachimba vyumba ndani, wakachimba birika, yaani tangi la kuhifadhia maji. Ukipita kwenye ngazi hizo mkono wako unagusa alama za patasi pande zote mbili, mikwaruzo ya mshazari iliyopangana kama mistari ya mkeka, na pale mabega ya watu yaliposugua ukuta umelainika. Kuta zilizojengwa juu kwa mawe ya kukata zimeanguka sehemu kubwa. Zile nafasi tupu walizochimba ziko palepale.

Sasa utachongaje ngazi ndani ya foamu ambayo umeshaigandisha? Nilijaribu waya wa chuma uliopashwa moto kwenye jiko, nikausukuma ndani. Ulipinda, ukatokea ubavuni mahali ambapo hakuna mlango katika karne yoyote. Nilijaribu drili yenye ncha ndefu, nikapata bomba la duara ambalo lingefaa kwa maji taka tu.

Mwishowe nikaupasua mwamba wote kwa urefu, kama papai. Niliona uchungu, maana ulishapendeza. Lakini baada ya kuupasua kila kitu kikawa rahisi: unachonga ngazi na vyumba kwenye nusu moja ukiwa umekaa, unaona unachofanya, halafu unafunga. Sumaku ndogo nane, euro 4.60, zinashika nusu mbili. Ngazi zenyewe sikuzichonga. Kila daraja ingekuwa na milimita moja na kitu, macho yangu hayafiki huko. Nilichukua boksi la piza, nikalilowesha, nikaambua karatasi ya juu, na ile mikunjo ya ndani ikawa ngazi tayari. Bei ni piza yenyewe, ambayo ilishaliwa.

Kama ningeanza upya, ningepasua mabamba kabla ya kuyagandisha.

17 Mei. Plasta, mjomba, na birika nililolisahau

Foamu tupu inaonekana kama foamu hata ukiipaka rangi ya namna gani. Nilichanganya plasta (euro 11 jumla), nikapaka unene wa milimita tano kwa mkupuo mmoja. Asubuhi ilikuwa imepasuka kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi.

Nikampigia mjomba wangu Kilwa Masoko. Ni fundi mwashi wa zamani, amekandika kuta za matumbawe kwa chokaa tangu kabla sijazaliwa. Nikamtumia picha.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba. Hii umeipaka ukiwa unakimbizwa na nani?"

Akanieleza: lowesha kwanza chini, paka nyembamba kama unapaka siagi ya mtu mwingine, acha ishike, lowesha tena, paka tena, na funika kwa kitambaa kibichi. Foamu hainyonyi maji kama jiwe la matumbawe, kwa hiyo la kulowesha chini halikusaidia, nikaongeza gundi ya mbao kidogo kwenye plasta ili ishikamane. Mengine yote yalikuwa sawa kabisa. Mapako matatu ya milimita moja na nusu, hakuna ufa hata mmoja.

Alipokuwa anatazama picha akauliza swali jingine. "Birika liko wapi?"

Nikakaa kimya.

"Watu wako juu ya jiwe. Wanakunywa nini?"

Nilikuwa nimechonga vyumba, ngazi, hata choo cha kubuni, na nimesahau maji. Fundi wa Kilwa, pwani ambako chini ni matumbawe na maji matamu ni ya kutafutwa, macho yake yalianzia hapo. Fleckenstein walikuwa na mfumo wa kukusanya maji ya mvua na kuyapeleka kwenye birika lililochongwa ndani ya mwamba. Halikuwa jambo la starehe. Mwaka 1276 mfalme Rudolf wa Habsburg aliizingira ngome hii ili kumtoa Friedrich, askofu wa Speyer, aliyekuwa amefungwa humo. Jeshi likikaa chini ya kilima wiki baada ya wiki, unene wa ukuta ni habari ya pili. Ya kwanza ni kina cha birika.

Kuchimba birika kwenye plasta iliyokwisha kukauka ni adhabu. Bomba la shaba nililolinoa lilivunja kipande cha ukubwa wa kiganja. Dawa: nililowesha mahali penyewe nusu saa, nikatoboa duara la vitundu vidogo kwa drili ya mkono bila kukandamiza, kisha nikagonga katikati kwa kijiti. Kipenyo sentimita 2. Chini nimemimina resini (plastiki ya majimaji inayoganda) iliyobaki kutoka kazi nyingine ili ing'ae kama maji. Kipande kilichovunjika nimekihifadhi, na kilikuja kufaa.

Mjomba aliona pia jinsi vyumba vilivyo vyembamba. "Kama vyetu," akasema. "Huko nako boriti ni za mikoko?" Nikacheka, lakini ni swali la fundi. Nyumba za mawe za pwani zina vyumba virefu vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko ina kikomo chake. Hapa boriti si shida, msitu wa mialoni umewazunguka. Kilichowabana ni upana wa jahazi lenyewe.

7 Juni. Matundu niliyoyaziba

Safari ya pili Lembach. Nilifika jioni, jua likiwa upande, na kwa mwanga huo mwamba ukawa kama umeandikwa. Matundu ya mraba, safu kwa safu, kwa kimo kimoja, kisha safu nyingine juu yake. Juu zaidi, mifereji miembamba ya mshazari imekatwa kwenye jiwe.

Safari ya kwanza niliyaona matundu nikadhani ni jiwe kuliwa na mvua na upepo, kwa kuwa jiwe hili kweli hulika na kuwa kama sega la nyuki. Nyumbani nikayaziba kwa plasta ili uso upendeze. Kumbe kila tundu la mraba ni mahali kichwa cha boriti kilipoingia. Safu moja ya matundu ni sakafu moja. Mfereji wa mshazari ni mahali paa lilipouegemea mwamba, umekatwa ili maji yasitiririke ndani ya nyumba. Ubavuni mwa jahazi kulikuwa na majengo ya mbao yaliyoning'inia, ghorofa juu ya ghorofa, na hayo yote sasa yamebaki kuwa hesabu ya matundu.

Kuyarudisha kulichukua wikendi mbili. Tundu la sentimita 30 kwa kipimo changu ni milimita 2. Nilisaga ncha ya bisibisi ndogo ya saa ikawa mraba, nikawa naipasha moto kwenye mshumaa na kuisukuma ndani ya plasta na foamu kwa pamoja. Ukiipasha mno, foamu ya ndani inarudi nyuma na tundu linakuwa pango. Sekunde tatu kwenye moto, siyo tano. Nilifanya 118, kwa kuangalia picha zangu, upande wa kusini pekee.

28 Juni. Mwaka gani?

Swali hili nilikuwa nalikwepa. Mfano wangu ulikuwa na birika la enzi za mwanzo, mnara wa ngazi wa karne ya 16 wenye nembo za ukoo, na kuta zilizobomoka za leo. Yaani ngome ambayo haikuwahi kuwepo siku hata moja.

Nilijaribu kuijenga kama ilivyokuwa miaka ya 1560, ilipokuwa imetengenezwa upya na kugawanywa kati ya matawi mawili ya ukoo. Niliweka paa mbili za kadibodi. Zilikuwa nzuri, na zilifunika kila kitu nilichojifunza: matundu hayaonekani, ngazi hazionekani, unaona nyumba ndefu juu ya jiwe. Nikazibandua. Binti yangu alikasirika, alikuwa amezipaka vigae kimoja kimoja kwa kalamu. Tukakubaliana: mwamba na kuta ni za leo, na paa zake zinakaa pembeni ndani ya kisanduku, mgeni anaweza kuzivisha na kuzivua.

Kwa hiyo ikabidi niibomoe ngome yangu. Ile halisi ilibomolewa mwaka 1680 na majeshi ya Louis wa 14 wa Ufaransa chini ya jenerali Monclar, katika miaka ambayo mfalme huyo alikuwa anaikamata Alsace na hakutaka boma lolote lisilo lake libaki limesimama. Mawe yaliporomoka pande zote mbili za mwamba. Kwa vifusi nilitumia plasta ileile iliyopasuka mwezi Mei na kipande kilichovunjika pale birikani, nikavisaga kwa nyundo ndani ya soksi. Kifusi cha bure, na ni cha jiwe la ngome yenyewe.

Tahadhari kwa atakayeiga: usivunje kila kitu kwa usawa. Sehemu ya unachokiona leo kule imesimama kwa sababu ilirekebishwa baadaye. Gofu liliwekwa kwenye orodha ya urithi unaolindwa mwaka 1898, wakati Alsace ilikuwa chini ya Ujerumani, na kazi za ukarabati zimefanyika kwa vipindi tangu hapo. Kuna kona zilizonyooka mno kwa jengo lililolipuliwa. Nami nimeziacha zinyooke.

12 Julai. Rangi

Nilifikiri foamu imefunikwa na plasta, basi niko salama. Nikanunua rangi ya kupuliza, euro 9.90. Nilisahau kwamba nilikuwa nimetoboa matundu 118. Rangi ikaingia humo, na nyuma ya plasta foamu ikaanza kuyeyuka kimyakimya, tundu kwa tundu. Nilijua nilipobonyeza ubavu ukabonyea kama ganda la yai. Eneo la kiganja na nusu limebaki tupu ndani. Nimeingiza plasta nyepesi kwa bomba la sindano kupitia matundu yaleyale, kidogo kidogo, kwa siku tatu.

Rangi sahihi ni ya maji, kwa brashi, euro 16.50 kwa chupa nne. Usipake nyekundu. Jiwe la mchanga la kule lina waridi, kahawia, manjano kidogo, na kijivu cha kuvu upande wa kivuli. Niliweka kokoto moja halali niliyoiokota kando ya barabara mbali na ngome (ndani ya ngome huokoti kitu) juu ya meza, nikaifuata.

2 Agosti. Winchi, na mahesabu mpaka sasa

Kilichobaki ni mnara wa mraba uliouegemea mwamba. Humo ndimo mizigo na maji vilipandishwa kwenda juu. Nimeujenga kwa vijiti vya mbao laini, euro 8, nikaweka ndani yake gurudumu la kutembelewa: mtu anaingia ndani na kutembea, gurudumu linazunguka, kamba inajizungushia ekseli. Ukubwa wa gurudumu nimejichagulia, kama wa mita 4, yaani milimita 27. Ekseli ya kwanza ilikuwa kijiti cha mshikaki, mara nne tu nyembamba kuliko gurudumu ukihesabu na uzi uliojizungusha, na haikuinua hata sarafu ya senti tano. Nikaweka kijiti cha kuchokolea meno, kama mara kumi nyembamba. Sasa ukisukuma gurudumu kwa ncha ya kidole sarafu inapanda, polepole, ikigongagonga ukuta.

Jumla, pamoja na petroli ya safari mbili (euro 38) na bila viingilio: euro 181.90. Kati ya hizo, 50.40 ni foamu ya Specklin, gundi ya viatu na rangi ya kupuliza.

Mjomba ameona video ya sarafu ikipanda. Amejibu kwa sauti: kamba inasugua mdomo wa mnara, weka kijiti cha mviringo pale juu. Nimeweka. Bado inakwama karibu na mwisho, nadhani ni uzi wenyewe una nyuzinyuzi. Nimeagiza ule wa nta wa kushonea viatu.